Baridi Haiui Sola, Hesabu Mbovu Ndiyo Inayoua

(Mada niliyoitoa kwenye mafunzo ya vijana wa chama hapa Njombe. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)



Nimeombwa nizungumzie sola za majumbani katika miezi ya baridi. Najua wengine mlitegemea mada ya katiba au tume ya uchaguzi. Hizo zipo kwenye ratiba, zinakuja. Lakini mimi ni fundi, kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu, na kila ukifika mwezi wa sita simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile: "Fundi, sola imegoma, ni hii baridi?" Na wauzaji nao jibu lao ni lilelile: "Ndiyo mama, ni baridi, vumilia mpaka mwezi wa tisa." Mama anaambiwa avumilie, lakini makato ya mkopo wake hayavumilii hata siku moja. Sasa jamani, kama hiyo siyo siasa, siasa ni nini? Hapa tunaulizana nani anabeba hasara jua likijificha.

Nitasema jambo moja, nililizungushe mpaka likae vichwani. Baridi haiui sola. Kinachopunguza umeme ni wingu, ukungu, kivuli na paneli iliyotazama upande usio wake. Hivyo vyote vinajulikana mapema. Vinaweza kuhesabiwa siku ileile unaponunua. Muuzaji asiyekuhesabia, amekuuzia giza na risiti juu.

Paneli inakula nini?

Tuanze na msingi. Paneli haili joto, inakula mwanga. Watu wengi wanadhani ni kama kuanika mahindi, kwamba jua likiwaka kwa ukali na jasho likitutoka, basi umeme nao unaongezeka. Sivyo. Ile namba iliyoandikwa nyuma ya paneli, wati 100 au wati 200, imepimwa kiwandani paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Ikipata moto zaidi ya hapo, inapungua nguvu. Kwa paneli nyingi tunazofunga, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka inapunguza karibu asilimia 0.4.

Fanyeni hesabu na mimi. Paneli iliyo juu ya bati Dar es Salaam saa saba mchana inaweza kufika nyuzi 60. Hapo imezidi 25 kwa nyuzi 35. Zidisha kwa 0.4, unapata 14. Kwa hiyo katika kila wati 100, joto limekula 14. Sasa peleka paneli hiyohiyo Makete, asubuhi ya mwezi wa saba, hewa ina nyuzi 10 na anga ni jeupe. Paneli ikipigwa na jua tuseme inafika nyuzi 35. Imepoteza wati 4 tu. Tena kule juu, Kitulo kwa mfano, ni zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na jua linapita bila kuchujwa sana. Mtu wa Makete anayeamka na sakitu kwenye majani, ile barafu nyembamba inayounguza viazi, halafu anga likafunguka, huyo ana hali nzuri kwa sola kuliko mtu wa Dar anayejipepea na gazeti. Msimwonee huruma.

Sasa mbona simu hazipumziki? Kwa sababu nyanda zetu hizi siyo zote Makete. Miezi ya sita, saba na nane upepo wa kusi unavuta unyevu kutoka baharini, unagonga safu za milima upande wa mashariki, na unatuachia ukungu na manyunyu. Watu wa Lupembe mnanielewa. Watu wa Mufindi mnanielewa. Kuna wiki jua mnalisikia redioni tu. Ni hali hiyohiyo inayoipendeza chai, na hiyohiyo inaiua taa yako. Wingu zito au ukungu mzito unaweza kuishusha paneli ikabaki na robo ya nguvu yake, au hata sehemu moja ya kumi. Siyo kwa sababu ya baridi. Ni kwa sababu mwanga haufiki.

Kwa hiyo ukisikia "sola haifai sehemu za baridi", uliza kwanza: baridi yenye jua, au baridi yenye ukungu? Hizo ni nchi mbili tofauti, hata kama ni mkoa mmoja.

Wazungu wanawezaje?

Hili swali huwa halikosekani, naomba nilijibu kabla halijaulizwa. Ujerumani wana baridi kuliko sisi na mawingu kuliko sisi. London mwezi Desemba siku ina mwanga usiofika saa 8, na jua la mchana linatambaa chini kama limechoka. Sisi hapa Njombe siku fupi kuliko zote, mwezi Juni, bado ina zaidi ya saa 11 na nusu. Lakini Ujerumani mwishoni mwa 2024 walikuwa wamefunga sola za zaidi ya megawati 90,000. Bwawa letu la Nyerere pale Rufiji, lenye mitambo tisa, ni megawati 2,115.

Siri yao siyo paneli za ajabu. Paneli nyingi ni zilezile za China tunazofunga sisi. Siri yao ni gridi. Desemba paneli ikilala, mwenye nyumba anavuta umeme wa gridi na chai yake inachemka. Kiangazi paneli ikizidisha, anaisukumia gridi. Bibi yetu wa kijijini hana wa kumvuta. Paneli ikilala, naye analala. Ndiyo maana sola ya Ujerumani inaweza kuhesabiwa kwa wastani wa mwaka mzima, lakini sola ya kijijini kwetu lazima ihesabiwe kwa mwezi mbaya kuliko yote. Mkisahau mengine yote leo, hili mliandike.

Hesabu ya mwezi mbaya

Chukueni kalamu. Tuseme nyumba ina taa 4 za wati 5, zinawaka saa 5 kila usiku. Hiyo ni wati-saa 100. Tivii ndogo ya wati 20 kwa saa 4, ni 80. Redio ya wati 5 kwa saa 6, ni 30. Simu tatu kuchaji, weka 30. Jumla 240 kwa siku.

Muuzaji anakuja na paneli ya wati 100. Sisi mafundi huwa tunageuza mwanga wa siku nzima kuwa saa kadhaa za jua kali kabisa. Siku nzuri tuseme ni saa 5. Mia mara tano ni 500. Toa asilimia 30 inayopotea kwenye waya, vumbi, joto na betri, unabaki na 350. Nyumba inataka 240, paneli inaleta 350. Kila mtu anafurahi, picha zinapigwa, mkataba unasainiwa.

Ukungu unakuja. Zile saa 5 zinashuka hadi 2. Mia mara mbili ni 200, toa asilimia 30, unabaki na 140. Nyumba bado inataka 240. Kila siku kuna deni la 100, na anayelilipa ni betri. Betri ya volti 12 na AH 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya maji haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo una 300 za kutumia. Mia, mia, mia. Siku tatu zimeisha. Usiku wa nne tivii inazima katikati ya taarifa ya habari na mtu anapiga simu kwa fundi.

Na mtu huyo ataambiwa nini dukani? "Nunua betri kubwa." Hapana! Betri haizalishi umeme, inatunza tu. Ukinunua debe kubwa wakati bomba linadondosha matone, bado utakuwa na matone. Betri kubwa itakupa siku mbili tatu za nyongeza, halafu nayo itakaa nusu tupu wiki nzima, na betri ya maji ikikaa hivyo inakufa mapema. Kinachotakiwa ni kuongeza paneli. Weka wati 200 badala ya 100: kwenye ukungu uleule unapata 280, na nyumba inataka 240. Hakuna deni. Bei ya paneli imeshuka sana miaka ya karibuni kuliko ya betri, kwa hiyo hata mfukoni hesabu hii inasimama.

Kama kwenu mwezi mbaya siyo wa ukungu bali ni wa masika, fanya hesabu hiyohiyo kwa masika. Mwezi mbaya kila kijiji kina wa kwake, na wenyeji wanaujua bila kuuliza mamlaka ya hali ya hewa.

Kaskazini, kivuli na sakitu

Sasa niongee na mafundi wenzangu na wale mnaojifungia wenyewe.

Mwezi Juni jua letu liko kaskazini. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, hapa Njombe linasimama kiasi cha nyuzi 33 kutoka utosini kuelekea kaskazini. Paneli iliyoinamishwa kaskazini kwa nyuzi 15 inapokea karibu asilimia 95 ya mwanga wa moja kwa moja wa saa hiyo. Paneli iliyolazwa kwenye bati linaloangalia kusini lenye mwinamo wa nyuzi 30 inapokea kama asilimia 45. Paneli ileile, jua lilelile, saa ileile, umeme chini ya nusu. Desemba jua likihamia kusini, ile ya kaskazini inapoteza kidogo tu. Kwa hiyo fundi anayefunga upande wa barabarani ili paneli ionekane, huyo anafunga pambo.

Pili, kivuli. Jua likiwa limeinama, kivuli kinarefuka. Mti ulio kaskazini mwa nyumba ambao Desemba hausumbui, mwezi wa saba unatupa kivuli juu ya paa. Na mkoa huu tumepanda mipaini na miparachichi kila kona, tena inakua. Kivuli cha tawi moja kwenye pembe ya paneli kinaweza kuzuia umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vile vipande vya ndani vimeungwa kwa mstari, na mmoja akikwama anawakwamisha wenzake.

Tatu, volti. Hili ni la mafundi. Baridi inapandisha volti za paneli. Ukiunga paneli mbili za volti 48 kwa mfululizo unapata 96, na kontrola yako imeandikwa mwisho 100. Unasema niko salama. Asubuhi ya nyuzi sifuri, mwanga wa kwanza ukigonga paneli iliyolala nje usiku kucha, volti zinapanda kwa karibu asilimia 7 na unavuka 100. Kontrola inaungua, na mteja anaambiwa "ni radi". Radi gani mwezi wa saba?

Nne, betri. Betri ya maji kwenye baridi kali inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa; karibu na nyuzi sifuri inabaki na kama asilimia 80. Vilevile inahitaji volti za juu kidogo ili ijae, kwa hiyo tafuteni kontrola yenye kipimo cha joto. Betri za lithiamu zenyewe hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Msiweke betri barazani. Iwekeni ndani, mahali penye hewa. Na wazee wangu, tafadhali, msiiweke jikoni karibu na moto eti nayo iote. Betri ya maji inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Tano, usafi. Kiangazi chetu ni cha vumbi, na umande ukishuka juu ya vumbi unakuwa tope. Futa paneli kwa maji ya kawaida na kitambaa laini, asubuhi kabla haijapata moto. Ukikuta sakitu juu yake usimwage maji ya moto, kioo kitapasuka. Subiri. Jua litaiyeyusha lenyewe.

Sasa siasa yenyewe

Mtaniuliza, fundi, hayo yote si ya darasani, chama kinaingiaje? Kinaingia hapa.

Serikali inapenda kuhesabu vijiji. Kijiji kimefikiwa, weka alama. Lakini kijiji kufikiwa na nguzo siyo nyumba kuwashwa. Ile shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme wa REA ni nafuu, sikatai. Ila kama nguzo imeishia shuleni na wewe unakaa kitongoji cha ng'ambo ya korongo, hiyo 27,000 haikusaidii kitu. Huyo wa ng'ambo ndiye mteja wa sola. Ndiye asiye na gridi ya kumwokoa ukungu ukishuka, na ndiye tunayemwacha ajadiliane mwenyewe na muuzaji.

Mnazijua zile sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mimi sizipingi. Zimetoa koroboi kwenye nyumba nyingi, na watoto wanasoma. Lakini angalieni mkataba. Niliitwa kwa mama mmoja, kijiji nakiacha na kampuni naiacha. Wiki mbili za ukungu, taa zake zilikuwa zinawaka saa moja na nusu kwa usiku. Alilipa siku zote 14 kwa bei kamili. Siku ya 15 alichelewa, mtambo ukafungwa kwa mbali. Yaani mtambo uliposhindwa kumhudumia, hakukuwa na wa kumlipa yeye. Yeye alipochelewa siku moja, alizimiwa. Hatari yote ya hali ya hewa amebebeshwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye huo mkataba. Na mkataba wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo napendekeza vijana tusimame na madai manne, na tuyapeleke kwa madiwani, wabunge na halmashauri, wawe wa chama chetu au wa chama tawala, maana ukungu hauulizi kadi.

Moja: kila anayeuza sola ya nyumbani aandike kwa Kiswahili itatoa taa ngapi, kwa saa ngapi, katika mwezi mbaya wa eneo lile. Siyo katika siku ya picha.

Mbili: mikataba ya kulipa kidogo kidogo iwe na kifungu cha siku mbaya. Mitambo hii tayari ina uwezo wa kufungwa kwa mbali, na mingi inaweka kumbukumbu ya chaji yake. Kama inaweza kujua kwamba sijalipa, ishindwe vipi kujua kwamba sikupata umeme? Siku ambayo mtambo haukufikisha huduma iliyoahidiwa isihesabiwe kwenye deni.

Tatu: Shirika la Viwango, TBS, lishuke mpaka kwenye maduka ya wilayani na minadani. Paneli iliyobandikwa wati 100 ipimwe kama ni wati 100. Tume ya Ushindani nayo ina kazi ya kumlinda mlaji, tuipelekee malalamiko yaliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na risiti.

Nne: zahanati na shule zenye sola zihesabiwe kwa mwezi mbaya, na bajeti ya halmashauri iwe na fungu la kubadili betri. Mama hachagui ajifungue wiki yenye jua. Zahanati ambayo taa yake ni ya wastani wa mwaka, siku moja itamzalisha mtu kwa tochi ya simu.

Na sisi tusiwe watu wa kudai tu. Kila tawi litafute daftari moja. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Agosti, kwenye nyumba tano tu za kitongoji, andikeni kila siku: anga lilikuwaje, taa ziliwaka saa ngapi, malipo yalikatwa kiasi gani. Safu tatu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza. Miezi mitatu ikiisha tutakuwa na karatasi ambayo hakuna muuzaji wala mkurugenzi atakayeijibu kwa kusema "ni baridi, vumilieni". Tumezoea kwenda kwenye ofisi na hasira. Mwaka huu twende na hasira pamoja na hesabu.

Mwenye paneli inayoangalia kusini, tuonane wakati wa chai. Nimekuja na spana.